Kasongo: Bido la mawese lisibebe siri

Mtu akifika sokoni Kasongo kutafuta bido la litri 20, anauliza mambo mawili: bei, na kama linavuja. Analigeuza, analigonga, anachungulia ndani. Swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza huwa halitoki mdomoni: hili bido lilibeba nini kabla ya kufika hapa?

Sisi ni watu wa mawese. Kuanzia Kasongo hadi Kabambare, mafuta ya ngazi ndiyo yanalipia watoto masomo, ndiyo yananunua chumvi na dawa. Na karibu mafuta yote hayo yanasafiri ndani ya plastiki, juu ya baiskeli, pikipiki na malori. Barabara ile ile inayotoa mawese ndiyo inaingiza mazutu, esanse, dawa za kuua wadudu na vitu vya machimbo ya zahabu kule Salamabila. Vyote vinakuja ndani ya mabido yanayofanana. Bido likimaliza kazi yake ya kwanza halitupwi, maana hapa kwetu hakuna chombo kinachotupwa. Linaoshwa kwa mchanga na sabuni, kisha linauzwa.

Tuanze na plastiki yenyewe, kwa sababu inasingiziwa mengi. Mabido mengi yametengenezwa kwa polietileni. Wanakemia wa kampuni ya ICI huko Uingereza waliigundua mwaka 1933 bila kuitafuta, walipokuwa wanabana gesi ya etileni kwa nguvu kubwa sana. Haiozi, haishiki kutu, haipasuki kirahisi ikianguka kutoka juu ya baiskeli. Ukigeuza bido, mara nyingi utaona chini yake pembetatu ndogo yenye namba 2: ndiyo polietileni ngumu. Namba 4 ni polietileni laini, ile ya masashe. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 5 ni polipropileni, ambayo inatumika pia kusuka mifuko ya mchele na ya simenti. Namba 3 ni PVC, ile ya mabomba, na hiyo tutairudia.

Polietileni safi na baridi haina ugomvi na mawese. Wale wanaosema "plastiki ni sumu" na kuishia hapo hawatusaidii, kwani mama wa Kasongo hawezi kuamka kesho akaishi bila plastiki. Anachohitaji ni kujua wakati gani plastiki hiyo inamgeuka.

Inamgeuka kwanza kwa sababu ya kile ilichobeba. Ile namba ya chini inataja aina ya plastiki tu. Haisemi neno juu ya yaliyopita. Na polietileni inatokana na petroli au gesi ya ardhini, kwa hiyo inapatana na vitu vya mafuta mafuta: mazutu, esanse, na dawa nyingi za wadudu ambazo zimeyeyushwa katika mafuta kama hayo. Vitu hivyo havikai juu ya ukuta wa bido kama vumbi juu ya meza. Vinaingia ndani ya ukuta wenyewe. Ndiyo maana bido la mazutu linaoshwa mara tano na bado linanuka. Sabuni imesafisha uso, lakini ndani haijafika. Ukimimina mawese, mafuta hayo yanavuta polepole kile kilichofichama, siku baada ya siku, hadi kwenye sombe.

Mazutu angalau yana harufu ya kutusaliti. Dawa za wadudu si zote zinanuka. Ndiyo sababu shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, na lile la afya, OMS, yana kauli moja juu ya vyombo vya dawa hizo: visuuzwe mara tatu, vitobolewe ili visitumike tena, na kamwe visiwekwe maji wala chakula. Kule kusuuza mara tatu ni kwa ajili ya kupunguza hatari ya kulitupa bido. Hakulifanyi lifae kuliwa, ingawa wengi wanaelewa hivyo.

Moto nao ni jambo lingine. Polietileni laini inayeyuka kwenye joto la digrii 105 hadi 115 hivi, lakini inaanza kulegea mapema zaidi. Mawese yanayotoka moja kwa moja katika pipa la kuchemshia yanaweza kukunja hata bido gumu, na maharagwe ya moto katika sashe yanachota rangi na dawa zilizochanganywa katika plastiki hiyo. Masashe meusi ndiyo ninayoyaogopa zaidi, kwa sababu mara nyingi yanatengenezwa kwa plastiki kuukuu ya kila namna iliyoyeyushwa upya. Mafuta yasubiri yapoe. Bukari lifungwe katika jani la mgomba, kama bibi zetu walivyofanya bila kuamriwa na Leta.

Kuna pia ile desturi ya kuwasha mbabula kwa kipande cha sashe. Makala yakiwa mabichi, sashe inashika haraka, hilo ni kweli. Lakini mama ameinama juu yake, na mara nyingi kuna mtoto mgongoni. Moshi huo una masizi na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayochukua nafasi ya hewa katika damu. Kipande kikiwa cha PVC, moshi unatoa asidi inayouma macho na kifua, pamoja na dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka. Godoro la sponji likiungua linaweza kutoa hata sianidi. OMS ilihesabu kwamba moshi wa jikoni kwa ujumla, wa kuni na makala, uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Sisi tunauongezea plastiki juu yake, wakati makapi ya ngazi yamejaa nyuma ya kila mashine ya kukamua, yakiwa makavu na yenye mafuta, na yanawaka vizuri kuliko sashe yoyote.

Niseme pia mawili ambayo kila nyumba ingepaswa kuyajua. Plastiki iliyoyeyuka ikimdondokea mtoto na kuganda juu ya ngozi, usiibandue: mwagia maji baridi safi kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya na plastiki yake hivyo hivyo. Na mtoto akinywa petroli au esanse kutoka chupa ya maji, usimtapishe, na usimpe mawese wala maziwa ili atapike. Petroli inayorudi juu inaingia katika mapafu, na hapo ndipo inapoua. Mkimbize kwa muganga, na chupa uende nayo.

Sasa, serkali iko wapi? Sheria haikosi. Tarehe 30 desemba 2017, dekreti namba 17/018 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia masashe na vifungashio vingine vya plastiki katika inchi yetu. Rwanda ilikuwa imefanya hivyo tangu 2008, Kenya mwezi wa nane 2017, na Tanzania ikafuata mwezi wa sita 2019. Kwa majirani, mpakani wanakagua hadi mkoba wako. Kwetu, karatasi ilisainiwa Kinshasa, na sashe ikaendelea kuuzwa kama kawaida. Mimi siamini kwamba kuikumbusha dekreti hiyo kila mwaka kutabadili kitu Kasongo. Ililenga sashe bila kuleta kitu cha kuishika nafasi yake, na bido lenye historia chafu halikuguswa.

Ninachoomba ni kidogo zaidi, na hakihitaji Kinshasa. Viongozi wa soko, pamoja na msimamizi wa teritware na watu wa mazingira, wapange sehemu mbili za kuuzia mabido. Bido lililobeba mazutu au esanse lipigwe mstari wa rangi nyekundu kwenye mkono wake na libaki la mazutu na esanse hadi mwisho wa maisha yake. Lililobeba dawa ya wadudu litobolewe mbele ya aliyemaliza dawa hiyo, shambani kwake, kabla halijaingia muji. Rangi hiyo haigharimu sana: kopo dogo linatosha mabido mengi. Na OCC, ambayo kazi yake ni kukagua ubora wa bidhaa, ipite pia mahali mafuta yanapopimwa na kupakiwa, isiishie kwenye mizigo ya wafanyabiashara wakubwa.

Najua jibu litakalotoka sokoni: bido la mstari mwekundu litauzwa bei ya chini, na mama mwenye franga chache ndiye atakayelinunua aweke maji. Ni jibu la kweli. Ndiyo maana mstari peke yake hautoshi. Lazima watu waambiwe unamaanisha nini, nyumba kwa nyumba. Kwa hili Kasongo haianzi na mikono mitupu. Katika miaka ya 1970 na 1980, mpango wa afya wa Kasongo ulijulikana hadi katika majarida ya udaktari ya Ulaya, kwa vituo vyake vya vijijini na kwa utafiti juu ya chanjo ya surua uliotolewa 1981. Mfumo wa vituo vya afya bado upo, na wale RECO wanaopita kutangaza chanjo na vyandarua wanaweza kuongeza sentensi mbili juu ya bido na sashe.

Wauzaji wa esanse kando ya barabara, wale tunaowaita kadafi, nao waanze kwa kuacha chupa za maji. Na wanapojaza bido, waliweke chini ardhini, si juu ya pikipiki, kwa sababu plastiki inakusanya umeme mdogo ambao cheche yake inatosha kuwasha mvuke.

Inabaki Salamabila. Mgodi mkubwa wa Namoya umetumia sianidi kutoa dhahabu katika mawe, kama inavyofanyika katika migodi mingi ya dhahabu duniani. Sianidi inasafirishwa mara nyingi ndani ya mfuko wa polietileni uliotiwa katika mfuko wa polipropileni, na vyote katika sanduku la mbao. Au ndani ya mapipa ya chuma. Kanuni ya kimataifa ya sianidi inataka vyombo hivyo visuuzwe na viharibiwe ili asipatikane mtu wa kuvitumia tena. Mfuko kama huo ni mzuri mno kwa kuanikia muhogo, na pipa ni zuri mno kwa kuchemshia ngazi. Kwa hiyo wakaaji wa Kabambare wana haki ya kuomba kampuni yoyote inayoshika mgodi huo ionyeshe, mbele ya machifu na muganga wa eneo la afya, ni vyombo vingapi vimeingia na ni vingapi vimeharibiwa. Hesabu hizo mbili zikisomwa kila mwezi mbele ya watu, kila mmoja ataona kama zinalingana.