Mstari wa Mkoloni Usipite Katikati ya Tawi Letu

*TAARIFA YA KAMATI KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*



Wiki hii kuna ujumbe unaozungushwa katika simu zetu. Unasema kwamba katika uchaguzi wa tawi unaokuja, "wageni" wapige kura, lakini viti viwe vya "wenyeji". Wageni wanaotajwa ni wenzetu waliohamia hapa kutoka sehemu nyingine za Kenya, wengine zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Wamelipa ada, wamebandika mabango, wamekesha vituoni wakilinda kura. Leo wanaambiwa wakagombee kwao.

Kamati haikuandika ujumbe huo na haiukubali. Tungeweza kusema hivyo kwa mstari mmoja tukanyamaza. Lakini wanaousambaza wanasema huo ndio utamaduni wetu: kila watu na kwao. Hilo linahitaji jibu, kwa sababu sehemu kubwa ya "utamaduni" huo ilitungwa katika ofisi za serikali ya Uingereza, na tarehe zake zinajulikana.

*Mipaka hii ilitoka wapi?*

Kabla ya mkoloni, watu wa nchi hii walikuwa na majina yao, lugha zao na hata vita vyao. Hatusemi walikuwa malaika. Lakini mipaka yao ilikuwa na milango. Wamaasai na Wakikuyu walipigana, na pia walifanya biashara na kuoana. Mwaka wa njaa, familia iliweza kuhamia kwa majirani, ikapewa mahali, na wajukuu wakawa watu wa pale. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aliyeshika jembe si mgeni tena.

Serikali ya kikoloni iliifunga milango hiyo kwa sheria. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alilazimika kutembea na karatasi zake ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kabila lake liliandikwa humo, pamoja na mwajiri wake. Mwaka 1926 serikali ikatangaza rasmi rizavu 24 za Waafrika, zikagawanywa kwa makabila. Nyanda za Juu, zenye ardhi nzuri, zikawekwa kando kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Tangu hapo Mwafrika aliyeishi nje ya rizavu yake alihesabiwa kuwa mpita njia katika nchi yake mwenyewe.

*Siasa nayo ikafungiwa wilayani*

Jambo linalotuhusu zaidi sisi watu wa chama ni hili. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Juni 1953 chama cha KAU, kilichokuwa kikiwaunganisha Waafrika wa sehemu mbalimbali, kikapigwa marufuku. Mwaka 1955 serikali ikaruhusu tena vyama vya Waafrika, kwa sharti moja: kila chama kiishie ndani ya wilaya yake. Chama cha nchi nzima kilikatazwa. Katika Mkoa wa Kati hata hivyo vya wilaya havikuruhusiwa.

Ndiyo maana miaka hiyo palikuwa na chama cha Nairobi, cha Mombasa, cha Nakuru, kila kimoja peke yake. Machi 1957 Waafrika walichagua wabunge wao kwa mara ya kwanza, lakini kura zilipimwa kwa elimu, mali na kazi, hata mtu mmoja akaweza kuwa na kura tatu na jirani yake asiwe na hata moja.

Marufuku ya vyama vya kitaifa ilidumu hadi 1960. Kwa miaka mitano, kijana aliyetaka kuingia siasa alifundishwa somo moja: nguvu yako ni watu wa wilaya yenu, na wilaya yenyewe imechorwa kufuata kabila. KANU ilipoanzishwa Mei 1960 na KADU mwezi uliofuata, vyama vyote viwili viliingia uwanjani na vigogo waliolelewa hivyo. Mabwana wa mkoloni walikuwa wanaogopa Waafrika wakizungumza kwa sauti moja, na dawa waliyoipata ilikuwa wilaya.

*Tusimtwike Mwingereza mzigo wote*

Mwingereza alishusha bendera Desemba 1963. Mstari aliouchora tumeutunza wenyewe, kwa sababu viongozi wetu wengi waliuona unawafaa. Mwaka 1992 watu waliambiwa warudi kwao, na 1997 pia. Baada ya uchaguzi wa 2007 maneno hayo yalirudi, na zaidi ya watu 1,100 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba aliyeandika ujumbe wa wiki hii anataka damu. Tunasema kwamba maneno aliyoyaokota yana historia, na aliyejua historia hiyo asingeyatuma.

Wala si kweli kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuuvuka mstari huo. Mwaka 1961 wapiga kura wa Nairobi Mashariki, wengi wao Wakikuyu, walimchagua Tom Mboya, Mjaluo, kwa kura nyingi mno dhidi ya Dkt. Munyua Waiyaki, ambaye alikuwa wa jamii yao. Mwaka mmoja tu baada ya marufuku kuondolewa, watu wa mtaani walikwisha kumpima mtu kwa kazi yake.

*Hofu ya wenyeji tunaisikia*

Wapo wanaosema: "Tukiwafungulia, watatumeza kwa wingi wao, na mambo ya hapa yatasahaulika." Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Lakini dawa yake ni viongozi wanaotoa hesabu kwa wanachama. Mwenyekiti mwenyeji anayekula pesa za tawi hatufai kwa sababu tu babu yake alizikwa hapa.

Isitoshe, Katiba ya 2010, kifungu cha 91, inataka kila chama kiwe na sura ya kitaifa na inakataza chama kujengwa juu ya kabila, lugha au dini. Sheria ya vyama inadai wanachama kutoka zaidi ya nusu ya kaunti. Chama hakiwezi kuwa cha Kenya nzima kwenye makaratasi, kisha kiwe cha ukoo mmoja kwenye tawi.

*Kwa hiyo kamati imeamua hivi:*

1. Kila mwanachama aliye kwenye daftari na aliyelipa ada ana haki ya kugombea kiti chochote. Fomu haitauliza mtu ametoka wapi.

2. Daftari litasomwa kwa sauti mbele ya mkutano kabla ya kura, ili asiwepo wa kuongezwa wala wa kufutwa gizani.

3. Mkutano utaendeshwa kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie linalosemwa.

4. Aliyeandika ujumbe ule anakaribishwa mkutanoni aseme hoja yake akiwa amesimama, naye atajibiwa kwa heshima.

Tunawaomba msiusambaze tena ujumbe ule. Sambazeni huu, na mumfikishie mwanachama asiye na simu. Na mkikutana na mwenzetu aliyeambiwa ni mgeni, mwambieni jembe lake tunalijua.

Ni sisi wenu,
Kamati ya Tawi