Mtoto Anayejipiga Akiwa Peke Yake



Juma hili naiweka kando mada niliyoiahidi, ya watoto na simu za mkononi, kwa sababu ya barua moja iliyoninyima usingizi. Mama mmoja ameniandikia kuhusu mwanawe wa miaka sita, ambaye madaktari walimtambua kuwa ana usonji. Mtoto huyo hujipiga kwa kiganja ubavuni mwa kichwa, karibu na sikio, hasa alasiri mama anapokuwa jikoni. Mavyaa wake alimwambia, "Msimtazame, anadeka tu. Akikosa wa kumtazama ataacha." Nyumba nzima ikalishika shauri hilo kwa majuma matatu. Mtoto hakuacha. Sikio likavimba, na sasa mama humfunga mikono kwa leso usiku, kisha huketi kando ya kitanda akilia.

Nakiri kwamba miaka iliyopita ningetoa shauri lile lile la mavyaa. Wala si shauri la kijinga. Lina mahali pake. Kosa ni kulitoa kabla ya kujua mtoto anapata nini katika kule kujipiga.

Mwaka 1982, huko Baltimore, Marekani, Brian Iwata na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto na vijana 9 waliokuwa wakijidhuru. Kwa uangalizi wa kitabibu, kila mmoja aliwekwa katika hali mbalimbali kwa vipindi vya dakika 15. Katika hali moja, mtu mzima alijishughulisha na mambo yake, akamgeukia mtoto kumsihi pale tu alipojipiga. Katika nyingine, mtoto alipewa kazi ya kujifunza, na kazi ikasitishwa kila alipojipiga. Katika ya tatu alicheza, akasemeshwa kwa upole, asiamrishwe lolote. Katika ya nne aliachwa chumbani peke yake, bila cha kuchezea, huku akitazamwa pasipo yeye kujua. Kisha wakahesabu mapigo.

Wengi wao walionyesha mwelekeo ulio wazi, lakini mwelekeo huo haukuwa mmoja. Wako waliozidisha walipopewa kazi, na wako waliozidisha walipokuwa peke yao, pasipo mtu wa kudekea wala kazi ya kukimbia. Mwaka 1994 Iwata na wenzake walikusanya matokeo ya watu 152 waliopimwa kwa njia hiyo, na karibu robo yao walikuwa wa namna hii ya mwisho: tabia ilijilipa yenyewe. Malipo hayakutoka kwa mama, mwalimu wala ndugu, bali yalitoka mwilini mwa mtoto, katika mguso, sauti, mwanga au faraja ambayo sisi hatuioni. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Tusiyaone haya kuwa ya ajabu. Mwenye kujikuna kipele hajikuni ili asifiwe, na nani kati yetu hajawahi kukaa barazani akizungusha pete kidoleni bila hata kujua anafanya hivyo? Basi ukimpuuza mtoto wa namna hii hujamnyima chochote, kwa kuwa malipo yake hayakuwa mkononi mwako. Ndiyo maana majuma matatu ya kutomtazama yalipita bure. Tena mtoto anayejiumiza hapuuzwi hivi hivi. Hata pale panapofaa kutomshughulikia, ni lazima pawe na mtu wa kumlinda.

Kabla ya yote, dada yangu, mpeleke mwanao hospitalini akaangaliwe sikio na meno. Mtoto asiyeweza kusema "naumwa" huweza kupiga pale panapouma, na maumivu hayatibiwi kwa mafunzo ya tabia. Daktari akimaliza kazi yake, chukua daftari. Kila anapojipiga andika saa, lililotangulia na lililofuata, na nani alikuwapo. Mtazame pia kwa upenyo wa mlango akiwa hajui kuwa yupo mtu, kwa muda mfupi, nawe uwe tayari kuingia mara moja. Mtoto anayejipiga ili atazamwe kwa kawaida hupunguza akikaa mara kadhaa bila wa kumtazama, na yule anayelipwa na mwili wake huendelea. Kwa barua yako tu siwezi kukata shauri, ila alasiri zile za peke yake zinaelekea huko. Mapigo yakiwa mazito, usijifanyie majaribio nyumbani. Hiyo ni kazi ya wataalamu.

Na tiba? Kisa ninachokipenda ni cha mtoto mmoja katika utafiti wa Arnold Rincover wa mwaka 1978. Alikuwa akizungusha sahani mezani siku nzima. Watafiti hawakumkemea wala hawakumnyang'anya sahani. Walitandika zulia juu ya meza. Sahani ilizunguka, lakini sauti yake ikapotea, na mtoto akaiacha. Kumbe alikuwa akiitafuta ile sauti. Walipokwisha kulijua hilo, waliweza kumfundisha kuchezea vitu vingine vyenye sauti.

Kwa anayejipiga, hatua ya kwanza ni kutafuta kitu kitakachoshindana na pigo. Mpe vitu mbalimbali, kimoja kimoja, dakika chache kila kimoja: mpira laini wa kufinya, kitu kinachotetema, chombo cha muziki, beseni la maji au mchele wa kutia mikono. Hesabu mapigo kwa kila kimoja. Vile vinavyoyapunguza ndivyo vya kumpa, na apewe mapema, kabla ya saa yake ya hatari, wala si baada ya kujipiga. Vibadilishe asije akavichoka. Akiinua mkono, uzuie kwa upole bila maneno mengi, umwelekeze kwenye mchezo.

Wapo watoto wasiotulizwa na vitu hivyo, na wapo wanaojizuia wenyewe kwa kuficha mikono ndani ya kanzu au kuikalia. Watu husema huyo amepona, kumbe bado yumo vitani. Hao wanahitaji wataalamu, ambao pwani yetu ni wachache. Anzia kwa tabibu wa kazi katika hospitali, au katika vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa Kenya tangu mwaka 1984.

Uliniuliza pia kuhusu kuyumbayumba kwake na kupepea vidole wakati wa furaha. Hayo hayamuumizi yeye wala mwingine. Mwache, hata mbele ya wageni.

Na leso ya usiku, dada yangu, ifungue. Kamba humnyima mikono ya kuchezea na kujifunzia, nayo haimfundishi la kufanya badala yake. Kabla ya kulala mpe kile kitu kilichomtuliza zaidi, ukae naye mpaka apitiwe na usingizi. Na ikiwa mapigo ni ya kuogopesha, mwombe daktari kofia laini ya kukinga kichwa mpaka mpate msaada. Niandikie ulichokiona katika daftari.