Dada Anajitafuta Kwenye Kioo, Mwanahiti Yuko Kisarawe!

Mdada wa mjini akitaka kutengeneza filamu fupi ya majaribio kuhusu mwanamke anayejitafuta, utaona yale yale: kioo, beseni la maua, chozi moja la taratibu, piano kwa mbali. Jamani! Si apande daladala la Kibaha pale Mbezi, au la Kisarawe pale Gongo la Mboto?

Huko Uzaramoni binti akivunja ungo alikuwa anawekwa ndani miezi na miezi, haonekani na watu. Anafundwa. Anapewa mwanahiti, kile kinyago kidogo cha mti: nywele zipo, matiti yapo, mikono hakuna, miguu hakuna, na uso ni kama haujamaliziwa. Anakilea kama mtoto wake. Chumba kimoja, giza, ngoma inasikika nje... majaribio gani tena yanatafutwa?

Ila kamera isiingie ndani kumvizia kungwi ili watu wapate views. Siri ya unyago ina wenyewe. Tena picha zisipendezeshe kila kitu, maana wapo mabinti waliotoka ndani wakapelekwa moja kwa moja kwa mume. Hao kujitafuta walikusikia redioni.

Bora kamera ikae uani, bibi mmoja aulizwe: ulipokuwa mwali, ulikuwa unawaza nini mle ndani? Akinyamaza, na akikubali kurekodiwa, ukimya wake upewe dakika nzima bila piano. Na alipwe hela yake, siyo soda na selfi.