Upanga wa Kuchezea na Upanga wa Kuweka



Mzazi mmoja ametuuliza. Wanawe wawili, wa miaka 7 na wa miaka 17, wote wamemwomba "upanga wa nuru". Dukani ameona wa bei ndogo na wa bei kubwa mno, naye hajui achague upi. Swali hili twalijibu kwa hiari, kwani nasi lilikwisha tupata.

Asili ya panga hizi ni senema ya Marekani iitwayo Star Wars, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1977. Ni hadithi ya kubuni ya vita vya angani, na mashujaa wake hupigana kwa panga ambazo ubapa wake ni mwanga mtupu. Mpini wa shujaa Luke ulitengenezwa kwa mshikio wa taa ya kamera kuukuu ya Graflex. Mwaka 1978 kampuni ya Kenner ikawauzia watoto tochi iliyofungwa puto refu la plastiki. Leo ziko aina mbili kubwa.

Ya kwanza ni ya kuchezea: plastiki nyepesi, na ubapa wa vipande vinavyoingiana, ambavyo huchomoza mkono ukitikiswa. Ukivunjika, hasara ni ndogo.

Ya pili ni nakala ya kuweka. Mpini wake ni wa madini, umefuatisha ule wa senema kwa kila kifungo. Ndani ya ubapa mna taa ndogo ndogo ziwakazo kwa kufuatana, hata ukadhani mwanga unakua. Nakala za Hasbro ziitwazo Force FX huandikwa kuwa ni za wenye miaka 14 na zaidi. Taa hizo hazipendi kugongwa. Atakaye kushindana kwa mapigo, katika mchezo ambao shirikisho la vitara la Ufaransa liliutambua mwaka 2019, hana budi kutafuta aina nyingine, yenye ubapa mnene na taa mpinini.

Mwenye kuandika haya nalimnunulia mwanangu wa miaka 8 nakala ya kuweka, kwa kuwa mimi mwenyewe naliipenda. Siku ya tatu akaigonganisha na fimbo ya mwenzake barazani, taa za nusu ya juu zikazimika. Nikamkaripia mbele ya wenzake kwa maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka naona haya. Usiku mama yake akaniambia, "Baba watoto, umempa mtoto upanga, kisha ukamkataza kuwa mtoto." Asubuhi nikamtaka radhi, naye akanisamehe upesi. Lakini kwa muda mrefu kila nilipompa kitu aliuliza kwanza, "Baba, hiki naruhusiwa kukigusa?"

Wazee husema: mtoto akililia wembe, mpe. Mimi nalimpa asichokililia, na aliyekatika ni yeye.

Basi jawabu letu ni hili. Usitazame upanga kwanza, mtazame atakayeushika. Mdogo mpe wa kuchezea, kisha mwache acheze. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa, na Mtume (s.a.w.) alipomwona alicheka, wala hakumkemea. Hakikisha tu mfuniko wa betri umekazwa kwa skrubu, maana betri ndogo za mviringo zikimezwa huweza kuunguza koo kwa muda wa saa mbili. Mfunze pia asimwelekezee mwenzake usoni, kwani Mtume ametukataza kumwelekezea ndugu silaha hata kwa mzaha.

Mkubwa akitaka nakala, na achangie kwa akiba yake, wala isinunuliwe kwa deni. Akiisha kuipata iwe yake kweli, na mahali pake pa kuiweka.

Na wewe mzazi, ukiwa waipenda nakala kwa ajili yako, inunue kwa jina lako. Usimbebeshe mtoto amana asiyoiweza.

Wabillahi tawfiq.