JINAMIZI LA DAKTARI REFAAT: TULIYOYAPENDA NA TULIYOYAKATAA



Miongoni mwa mambo ambayo tumezoea kuyakemea bila ya kuyachambua ni tamthilia za majini na mizuka. Kukemea ni kwepesi, wala hakumgharimu msemaji kitu. Lakini kijana anayezitazama kwenye simu yake usiku wa manane, shuka limemfunika gubigubi, hatusikii. Na hata akitusikia hutuona kuwa tunazungumzia jambo tusilolijua. Kwa hiyo tumeonelea safari hii tuichukue tamthilia moja, tena sehemu yake moja tu, tuipime kwa mizani ya uadilifu: zuri lake tuliseme, na baya lake tuliseme.

Tamthilia yenyewe ni ya Kimisri, nayo inaitwa Ma Waraa al-Tabia, yaani yaliyo nyuma ya maumbile. Ilitolewa na Netflix mwezi wa Novemba 2020 ikiwa na sehemu 6, nayo imetokana na riwaya za marehemu Dk. Ahmed Khaled Tawfik, tabibu wa mji wa Tanta aliyefariki mwezi wa Aprili 2018. Riwaya hizo zilianza kuchapishwa mwaka 1993. Ni vijitabu vidogo vya kutia mfukoni, na vizazi kadhaa vya vijana wa nchi za Kiarabu vimejifunza kupenda kusoma kwa sababu yake. Sisi tuliosoma kwa Kiarabu tulivikuta mikononi mwa wanafunzi wenzetu, tukavipenda, na hatuoni sababu ya kulificha hilo. Mtu hupata ufasaha wa lugha kwa kusoma vitabu vikubwa, na hupata wepesi wake kwa kusoma vidogo.

Shujaa wa hadithi hizo ni Dk. Refaat Ismail, tabibu wa maradhi ya damu. Tamthilia inaanzia mwaka 1969, naye ametimiza miaka 40. Ni mtu mkavu, mwenye kejeli, asiyeamini ila alichokishika kwa mkono wake, kisha yakawa yanamfika yale yale anayoyakanusha. Sehemu tunayokusudia kuizungumzia ni ya 5, iitwayo Usturat al-Jathum, au al-Gathoom kama wanavyotamka Wamisri. Humo daktari huyu anaandamwa na kiumbe wa usingizini, yule ambaye sisi Waswahili tunamwita jinamizi.

TULIYOYAPENDA

La kwanza ni jina. Vitabu vingi katika mfululizo ule vilibeba jina lenye neno "ustura", na tamthilia imelihifadhi neno hilo katika majina ya sehemu zake. Ustura ni ngano, ni masimulizi ya kale yasiyo na isnadi. Wingi wake ni asatir, neno ambalo Qur'ani imelitaja mara kadhaa katika kusimulia jinsi washirikina walivyoupachika wahyi jina hilo kwa dhulma. Mtunzi aliyeandika juu ya jalada lake kwamba hiki ni kisa cha ngano amemtendea msomaji uaminifu. Wako wangapi kwetu wanaouza ngano juu ya vibao vilivyoandikwa "tiba ya asili"?

La pili ni neno "jathum" lenyewe. Asili yake ni jathama, yaani kutua mahali na kuganda hapo, kama ndege aliyejibwaga chini asitikisike. Katika Suratul A'raf watu wa Thamud, baada ya kuangamizwa, wanaelezwa kwa neno la mzizi huo huo: wameganda majumbani mwao bila ya harakati. Waarabu walilichagua neno hili kwa umakini, kwani linaeleza hali kama ilivyo: uzito uliotua kifuani, na mwili usiotikisika. Nasi tunasema mtu "kakabwa". Lugha mbili, na tajiriba moja.

La tatu ni tabia ya yule daktari. Ahmed Amin, ambaye Wamisri walimzoea katika vichekesho, amemwigiza kwa utulivu. Si jabari wa kupigana na mashetani, bali ni mtu mwoga mwenye akili, anayeipenda jamaa yake na asiyejua namna ya kuwaambia. Anapokutana na ajabu huuliza kwanza. Haya ndiyo tuliyoyataka vijana wetu wayaone: kwamba kuuliza si ukafiri, na kwamba mtu anaweza kutetemeka huku akifikiri.

TULIYOYAKATAA

Hata hivyo hatukuridhika, na sababu zetu ni tatu.

Kwanza, vitabuni Refaat ni mzee anayesimulia yaliyompata zamani. Msomaji anajua tangu ukurasa wa mwanzo kwamba mzee amesalimika, na khofu humfikia ikiwa imechujwa na kicheko chake. Katika picha khofu haichujwi. Huingia machoni moja kwa moja, na ikaondoka na mtazamaji hadi kitandani. Hii ni tofauti kubwa, khasa pale ambapo maudhui yenyewe ni kitanda na usingizi.

Pili, hadithi za aina hii zimejengwa juu ya hila moja. Maelezo ya tabibu hutangulizwa ili yavunjwe. Daktari hukanusha, mambo yakamzonga, kisha hana budi kusalimu amri. Mtazamaji huondoka akiwa amefundishwa, bila ya kuambiwa, kwamba mwenye elimu ndiye anayechelewa kuelewa, na mwenye khofu ndiye aliyejua tangu zamani. Katika hadithi hilo ni tamu. Katika nyumba yenye mgonjwa ni sumu.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi kwetu, tamthilia inamwekea mtazamaji milango miwili tu: ama akanushe kila lisiloonekana, ama aamini kila kinachosimuliwa. Itikadi yetu haimo katika mlango wowote kati ya hiyo miwili. Sisi tunaamini kuwepo kwa majini kwa sababu Mwenyezi Mungu ametueleza habari zao, na katika Msahafu imo sura nzima yenye jina lao. Na kwa sababu hiyo hiyo ya kuamini kwa dalili, hatuamini lisilo na dalili. Mwenye kudai kwamba kila uzito wa kifuani ni jini ameizungumzia ghaibu bila ya elimu, nalo ni kosa kubwa kuliko kosa la Dk. Refaat. Yeye amekanusha asilolijua, na huyu amelizulia.

WALIVYOSEMA MATABIBU WETU WA KALE

Huenda mtu akasema kwamba kulitazama jinamizi kwa jicho la tiba ni uzushi wa Wazungu. Si kweli. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameliandikia mlango katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb, akaliita kabus na kulitaja pia kwa jina hilo hilo la jathum. Amelieleza kuwa ni maradhi, akalitafutia sababu katika mwili, na akatahadharisha kwamba huweza kuwa kitangulizi cha maradhi makubwa zaidi ya ubongo kama kifafa. Sababu alizozitaja, za mivuke kupanda kichwani, tiba ya leo haizikubali. Lakini njia aliyoifuata ndiyo njia yenyewe: aliutazama mwili wa mgonjwa kabla ya kuitazama ghaibu.

Tiba ya leo inaeleza hivi. Katika ule usingizi wa kuota, ubongo huilegeza misuli ya mwili ili mtu asiyatende anayoyaota. Mara nyengine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Mtu akawa macho, anasikia na anaona, lakini hawezi kunyanyua hata kidole; na mabaki ya ndoto yakaingia chumbani mwake kama kivuli, au sauti, au uzito kifuani. Hali hii hudumu sekunde kadhaa hadi dakika chache, kisha hupita. Huzidi kwa mtu aliyekosa usingizi, au anayelala nyakati za ovyo, au mwenye dhiki ya moyo, na aghalabu humjia aliyelala chali.

Basi na atafakari kijana anayekesha hadi saa nane za usiku akitazama tamthilia ya jinamizi, kisha alfajiri akakabwa, akasema filamu ilisema kweli. Haikusema kweli, imemnyima usingizi tu.

KWA NINI JAMBO HILI SI MCHEZO KWETU

Tungekuwa tunazungumzia burudani ya Wamisri peke yake, tusingepoteza wino. Lakini pwani yetu imewahi kuonja matunda ya jinamizi lililoachiwa kuwa ngano ya mji mzima. Mwaka 1995, katika siku za Ramadhani, khofu ya popobawa ilizuka Pemba, ikafika Unguja na kuvuka hadi Dar es Salaam. Mwaka 2007 ikarejea tena Dar es Salaam. Wengi tunakumbuka: watu wazima wakilala nje kwa makundi, wameuzunguka moto, kila mmoja akimlinda mwenzake. Na waliodai kufikwa walieleza nini? Kuzinduka usingizini, mwili umeganda, pumzi imebana, na kitu kizito juu yao. Ni sifa zile zile za jathum, zikiwa zimevishwa mbawa.

Katika khofu ile ya mwaka 1995 mtu asiye na hatia, mgonjwa wa akili aliyetoka bara kutafuta matibabu Unguja, alidhaniwa kuwa ndiye, na umati ukamuua. Hapa hakuna tamthilia, wala mwigizaji anayeinuka picha inapokwisha. Ni damu ya mwanadamu, na walioimwaga walikuwa watu kama sisi, waliodhani wanaitetea jamii yao.

Liko jambo jengine la kuzingatiwa katika kisa kile. Ilienezwa kwamba popobawa humrudia asiyewasimulia wengine yaliyompata. Hivyo kila aliyeota akatangaza, na kila aliyesikia akaenda kulala akingojea zamu yake. Sasa liweke hilo mbele ya mafundisho ya Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam. Mwenye kuona ndoto ya kumchukiza ameelekezwa ateme mate mepesi kushotoni mara tatu, ajilinde kwa Mwenyezi Mungu na shari ya shetani, ageuze ubavu, wala asiwasimulie watu. Tazama hikma iliyomo: ngano inasema sambaza, Sunna inasema izime. Laiti tungeyashika maelekezo haya mwaka ule, khofu ingefia kitandani ilikozaliwa.

Wala asituelewe mtu vibaya. Kumweleza tabibu maradhi yako si kuisambaza ndoto barazani. Ni kutafuta dawa, na kutafuta dawa tumeamrishwa.

NASAHA ZETU

Enyi vijana, hatusemi kwamba kila aliyesoma riwaya ya Tawfik ameangamia. Tungelisema hilo, tungekuwa wa kwanza kujihukumu. Tunasema soma ngano ukijua kuwa ni ngano, kama mwandishi alivyokuandikia juu ya jalada. Lala mapema. Soma Ayatul Kursiy na sura mbili za kujikinga. Ukikabwa, mtaje Mola wako moyoni, usishindane na mwili wako. Hali itapita kwa idhini Yake.

Enyi wazazi, mtoto akikwambieni amekabwa, msimcheke wala msimpigie mayowe ya jini. Muulizeni analala saa ngapi, na ana jambo gani linalomsumbua. Hali ikikithiri, au mchana akawa anazidiwa na usingizi darasani, mpelekeni hospitali. Na mtambue tofauti: anayekabwa hubaki na fahamu zake, anayepoteza fahamu, akatupa viungo na kujiuma ulimi, huenda ana kifafa, na kifafa kina dawa. Kila mwezi anaozungushwa kwa waganga wa vitabu na vinyungu ni mwezi alionyimwa dawa hiyo.

Nasi walimu wa madrasa tunalo jukumu letu. Mtoto anapoanguka darasani, ulimi wetu ndio wa kwanza kumpa jina. Tukisema "ana jini" mbele ya wenzake thelathini, tumemvisha vazi ambalo huenda asilivue hadi utu uzima. Hachezi na watoto wenzake, na akikua huchumbiwa kwa wasiwasi. Qur'ani tumsomee, kwani ndani yake mna shifaa, na papo hapo tumtafutie usafiri wa kumfikisha kwa daktari. Mambo mawili haya hayagombani. Anayeyagombanisha ama hakuielewa ruqya, ama hakuielewa tiba.

Ama Dk. Refaat, tunamwachia wapenzi wake, nasi tumo miongoni mwao. Tunachomlaumu ni kwamba hakuwahi kuonyeshwa mlango wa tatu: kuamini ghaibu kwa dalili, na kuutibu mwili kwa elimu. Mlango huo uko wazi kwetu, na haitufai tuwapite watoto wetu wakiwa wamesimama nje yake.

Wabillahi tawfiq.