Maoni Yetu: Kibao cha trela kinachoning'inia

Trela ilipanda kutoka majini ikichuruzika, boti juu yake, mwani umejisokota kwenye ekseli. Kando ya mwani kilining'inia kibao cha nambari, kimeshikwa na waya mmoja wa kufungia nondo. Dereva alishuka, akakitazama, akakigeuza kidogo ili herufi zielekee nyuma, akarudi kwenye usukani na kushika njia ya Kilifi. Sisi tuliobaki pale kando ya hori ya Mtwapa tuliulizana kama kibao kitafika. Mmoja wetu alisema kitaanguka kabla ya lami. Hakuna aliyebishana naye.

Pwani yetu imejaa trela za namna hii. Boti ni safi, injini imefunikwa kwa turubai, kamba zimekazwa kwa ustadi wa baharia, lakini nyuma ya trela kibao kimefungwa kwa waya, kwa kamba za plastiki za kufungia nyaya, au kwa skrubu moja iliyooza. Ni funika kombe mwanaharamu apite: kibao kipo ili askari wa barabarani akione leo, na ya kesho ni ya kesho. Tunasema kazi hiyo ni mbovu, na kuirekebisha hakugharimu hata bei ya kujaza tangi la mafuta ya injini mara moja.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Nchini Kenya trela ina usajili wake chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), na nambari yake huanza kwa herufi Z: ZC, ZE, ZF na kadhalika. Tanzania nako trela husajiliwa kivyake na kupewa nambari inayoanza kwa T, kama gari. Uingereza mambo ni tofauti: trela ndogo ya boti huvaa nambari ya gari linaloivuta, kwa hiyo mwenye magari mawili hulazimika kuwa na vibao viwili kwa ajili ya trela ileile. Anayeiga mtindo huo hapa kwetu, akachonga nambari ya gari lake na kuibandika kwenye trela, amejitafutia kesi. Na nambari iliyoandikwa ubavuni mwa boti ni ya boti, ya watu wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA) na wa majini. Boti ikishateremshwa baharini, trela inabaki ufukweni na nambari yake mwenyewe, au bila nambari.

Kuna anayeuliza: gari langu lina nambari, kwani trela yataka nini zaidi? Asimame nyuma ya mzigo wake atazame. Boti ya futi ishirini ikiwa juu ya trela hufunika gari lote. Anayekuja nyuma haoni taa za gari wala nambari yake. Anachokiona ni tezi ya boti, rafadha na chochote kilichofungwa kwenye trela. Trela ikichomoka njiani ikagonga mtu, au dereva akikwaruza gari la watu akatokomea gizani, shahidi hana nambari nyingine ya kushika. Vilevile kibao kilichoanguka hakipotei. Kinaokotwa. Kikifungwa kwenye trela ya mwingine, atakayeitwa kujieleza ni wewe. Ndiyo maana aliyepoteza kibao anapaswa kwenda kituo cha polisi kuandikisha ripoti, kisha aombe kingine NTSA na kusubiri, maana vibao hutengenezwa na wafungwa katika Gereza la Kamiti, wala havichongwi kwa fundi wa mtaani. Na anayevuka mpaka na boti yake ajue kwamba Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka trela iliyosajiliwa ioneshe nambari yake nyuma inapoingia nchi nyingine.

Basi kwa nini kibao cha trela ya boti huanguka upesi kuliko cha trela ya mchanga? Trela ya mchanga haiogi baharini. Hii yetu huteremshwa kinyumenyume mpaka magurudumu yazame, hukaa majini huku boti ikielea, kisha hupanda ikiwa imelowa chumvi kila kona. Kibao kilichofungwa chini kinapoingia maji hugeuka kasia: maji hukisukuma, hukipinda, na trela inapotoka hukivuta upande wa pili. Fanya hivyo kila Jumamosi kwa mwaka mzima uone.

Halafu ipo shida ambayo macho hayaioni mapema. Kibao ni cha alumini. Bolti aliyoichagua fundi ni ya chuma cha kawaida, au ya stenlesi kwa yule anayejiona mjuzi. Metali mbili za aina tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri ndogo, na katika betri hiyo inayoliwa ni alumini. Ndiyo sababu utaona bolti ya stenlesi ingali inang'aa, na pembeni yake tundu la kibao limepanuka, limezungukwa na unga mweupe, mpaka siku moja kichwa cha bolti kinapita katikati ya tundu na kibao kinabaki barabarani. Bolti ya chuma cha kawaida nayo huoza yenyewe. Chaguo liko kati ya kupoteza bolti na kupoteza kibao, kama hukuweka kitu katikati.

Hicho cha kuweka katikati ndicho kiini cha kazi yote, na ni rahisi mno. Washa za nailoni pande zote mbili za kibao, na kijibomba chembamba cha plastiki kuzunguka shina la bolti pale linapopita kwenye tundu, vinatosha kuzuia metali zisigusane. Asiyepata washa za nailoni akate vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli. Si bora kama nailoni, lakini vinashinda kuacha chuma kikae juu ya alumini. Bolti ziwe za stenlesi ya daraja la 316, ambayo hustahimili chumvi kuliko ile ya 304 inayojaa madukani. Muulize muuzaji, asipojua, nenda duka la vifaa vya boti. Ukubwa wa milimita 6 unatosha. Nati ziwe zile zenye pete ya nailoni ndani, ambazo hazilegei kwa mtikisiko, na upake grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti kwa sababu stenlesi juu ya stenlesi ina tabia ya kung'ang'aniana mpaka ukate.

Mtikisiko nao ni adui wa pili. Springi za trela zimepangiwa uzito wa boti. Boti ikiwa haipo, trela tupu hurukaruka kama mbuzi kwenye barabara ya vumbi, na kibao kilichoshikwa juu tu hupigapiga. Bati linalokunjwa na kukunjuliwa hukatika. Kila mtoto aliyewahi kuchezea mkebe anajua. Ufa huanzia kwenye tundu la bolti ukaenda ukingoni. Dawa yake ni kukishika kibao pembe zote nne na kukiegemeza juu ya kitu kigumu kisichooza, kilichokatwa sawasawa na ukubwa wake. Mbao za kawaida hufyonza maji na kuvimba. Bati la chuma linaturudisha kwenye betri yetu. Tulichokiona kikifanya kazi vizuri ni ubao wa plastiki wa kukatia mboga, ule mweupe mnene wa jikoni. Hauozi wala haupitishi umeme, hukatwa kwa msumeno wa mkono, na ukifichwa nyuma ya kibao jua haliufikii. Mwenye jikoni atanuna. Mnunulie mwingine.

Jambo moja la tahadhari kwa wanaotoboa. Vibao vya kizazi kipya vilivyozinduliwa mwaka 2022 vina alama za usalama, na hata vile vya zamani herufi zake hazipaswi kuguswa. Toboa ukingoni, mbali na herufi na alama, na usikate kibao ili kikae mahali pembamba. Kama trela haina nafasi ya kibao kizima, badilisha mahali. Kibao kibaki kama kilivyotolewa.

Na mahali ndipo mafundi wetu wengi wanapokosea. Wanakichomeka kwenye chuma cha mwisho cha trela, katikati kabisa, kwa sababu ndipo kwenye gari kinapokaa. Lakini katikati ya trela ya boti ndipo injini inaponing'inia. Rafadha ikiinamishwa hufunika nambari, na turubai ya boti ikilegea huteremka kama pazia. Mahali pazuri ni upande mmoja, karibu na madgadi, kwa kimo cha taa za nyuma au juu zaidi, kwenye kishikio kilichoinuliwa. Pale kibao huonekana na anayekuja nyuma, hakigongi sakafu ya mteremko trela inapoingia majini, na mara nyingi hakizami kabisa. Kishikio nacho kisitobolewe ovyo kwenye fremu. Fremu iliyopakwa zinki ikitobolewa hufungua mlango kwa kutu, na kutu hiyo hula kutoka ndani ya bomba mahali usipoweza kuona. Tumia bolti za umbo la U zinazokumbatia bomba bila kulitoboa. Kama fundi ameshatoboa, apake rangi ya zinki ndani ya tundu siku hiyohiyo, asingoje mvua.

Wapo wanaotumia ubao wa taa, ule mtambo wa Kizungu wenye taa mbili na nafasi ya kibao katikati, unaofungwa kwenye tezi ya boti na kuondolewa kabla ya kuingia majini. Kwa taa tunausifu. Taa hazizami, na balbu yenye moto haipasuki kwa kutumbukizwa kwenye maji baridi. Kwa nambari tuna mashaka. Ubao huo ukiachwa nyumbani, trela inatembea bila nambari. Ukiazimwa na jirani, trela ya jirani inatembea na nambari yako. Huko Uingereza, nambari inapofuata gari, mtindo huo una maana. Hapa nambari inafuata trela, basi ikae kwenye trela. Kinachotakiwa ni kitaa kidogo cheupe juu ya kibao, cha aina iliyozibwa isiyoingiza maji, na waya wake uchomolewe kwenye gari kabla ya kurudi nyuma majini.

Matunzo yaliyobaki ni ya dakika chache. Ukitoka majini, mwagia trela maji matamu, na usikisahau kibao mbele na nyuma, maana chumvi iliyokauka nyuma yake ndiyo inayofanya kazi usiku kucha. Mara moja kila miezi michache fungua nati moja uchungulie chini ya washa. Ukiona unga mweupe, badilisha washa zote. Wazee wetu walikokota mashua juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, na walijua kila gogo lina ufa wapi. Trela ndiyo magogo yetu, ila sisi hatuichungulii mpaka ivunjike.

Lawama kubwa hatuiweki kwa wenye boti. Tunaiweka kwenye karakana. Fundi anayechomelea trela nzima, na ekseli, na winchi, na roli za kubebea boti, anashindwaje kuchomelea kishikio cha kibao kwa kipande cha chuma cha urefu wa mkono? Trela inatoka kwake haina mahali pa nambari, mwenye mali anapewa kibao, anatafuta waya. Kishikio kikichomelewa kabla fremu haijapelekwa kupakwa zinki, nacho kinapakwa pamoja na vingine na hakuna tundu jipya la kutoboa miaka yote ya trela hiyo. Wanaoagiza trela wakatae kupokea isiyo na kishikio, na wasimalizie malipo mpaka kiwepo.

Askari wa barabarani nao wana sehemu yao. Kukagua kama kibao kipo hakutoshi. Kishikwe kwa mkono na kitikiswe. Kilichofungwa kwa waya kihesabiwe kuwa hakijafungwa. Hatuombi watu wapigwe faini kwa skrubu moja. Dereva aambiwe akikaze papo hapo, na kama hana spana, aazimwe. Atakuwa na yake safari ijayo.

Na wewe unayepanga kuondoka kesho alfajiri kuwahi maji kabla hayajapwa, zunguka nyuma ya trela usiku huu na tochi. Kishike kibao kwa vidole viwili ukitikise. Kikilia, rudi ndani ulete spana.