Tulichapa lapa toka Feri hadi Kariakoo

Nyayo zinawaka moto. Jumamosi nilichapa lapa mjini kutwa nzima na mtoto mmoja wa Temeke (jina nalibana, ana kaka wanne na wote wanacheza ngumi).

Msidhani nilikuwa nimechacha. Wazo lilikuwa lake. Wiki mbili zijazo anapanda ndege kwenda Muscat, kazi za ndani, mkataba miaka miwili. Akaniambia, "Nimezaliwa Dar, lakini mjini nakujua vituo vya daladala tu. Wakiniuliza huko kwetu kukoje, niseme nini?" Usiku ule nilikesha na kitabu cha historia cha kuazima.

Saa mbili asubuhi tukaanzia Feri. Supu ya pweza kikombe kimoja kimoja, huku pantoni la Kigamboni linamwaga watu kama siafu. Tukashika njia ya Kivukoni, bahari mkono wa kushoto, mimi najitia mwenyeji. Tulipofika kanisa la Azania Front nikamwambia, "Hili walijenga Waingereza." Mzee mmoja aliyekaa kivulini akadakia, "Wajerumani, kijana. Walilimaliza 1902, mwaka mmoja na lile la Mtakatifu Yosefu hapo mbele." Nikanywea. Mtoto alicheka mpaka akashika ukuta. Ukurasa wa makanisa niliuruka, jamani, usingizi!

Kwenye Sanamu ya Askari nikajirudishia heshima. Pale mimi nimewasubiri watu miaka na miaka, wengine hawakutokea mpaka leo, na kibao sikuwahi kukisoma. Kabla yake alisimama Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walimng'oa, akaishia Hamburg, nako wanafunzi wakamwangusha 1968. Askari wetu yupo tangu 1927, bunduki kaielekeza bandarini. Kumbe kibao hakiwataji askari peke yao. Kinawataja na wapagazi wa vita ile ya 1914 hadi 1918, waliobeba risasi na unga wa jeshi vichwani. Wengi wao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa maradhi na njaa. "Hao sanamu yao iko wapi?" akaniuliza. Nikazuga naangalia magari.

Boma la Zamani ndilo lililomkamata. Alipapasa kuta za matumbawe kama anapapasa kitambaa dukani. Alilijenga Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1866 na 1867, Mjerumani bado hajatia mguu. Nikamweleza kwamba Seyyid Said alipofariki 1856, watoto waligawana: Majid akabaki na Zanzibar, kaka yake Thuwaini akachukua Oman, huko huko Muscat.

"Kumbe nakwenda kwa watu tunaofahamiana," akasema. Lakini mkono hakuutoa ukutani.

Jua la saa saba si la kusimulia. Mnazi Mmoja tukapita mbio, Kariakoo tukaingia tumelowa jasho. Alikuwa anatafuta begi. Hapo nikamtolea siri niliyoibana tangu asubuhi: Waingereza walipouteka mji 1916, kambi ya wale wapagazi ilikuwa hapa. Kikosi chao kwa Kizungu ni Carrier Corps, ulimi wa wenyeji ukalainisha, ikawa Kariakoo. Alinyamaza kidogo, akatazama vijana wanaopita na marobota kichwani wakipiga kelele za "pisha!"

Begi lilitajwa elfu tisini, akalishusha mpaka elfu hamsini na tano (huko Muscat watamkoma). Lina magurudumu, lakini akakataa tusilikokote, yasije yakachakaa kabla ya safari. Basi mshikaji wenu nikajitwika, tukaukata Mtaa wa Kongo, yeye nyuma ananikumbusha, "Mpagazi, usinipotezee mzigo."

Sikumjibu. Lilikuwa tupu, na shingo iliniuma mpaka Jumatatu.

Haya, tukutane wiki ijayo.